Ninaimba lakini moyo hauitikii: je, ibada yangu ni unafiki?

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Nina umri wa miaka 43, nimeokoka tangu ujana wangu, na kwa miaka tisa nimekuwa nikiongoza kipindi cha kusifu na kuabudu kanisani kwetu. Zamani nilikuwa nikianza tu wimbo wa kuabudu, machozi yanatiririka. Tangu mwaka jana nimekauka. Naimba, nainua mikono, nafahamu kila neno, lakini ndani ni kama jiwe; wakati mwingine katikati ya wimbo najikuta nawaza nguo nilizoanika. Kwa kuwa watu wamezoea kuniona nikilia, kuna siku najilazimisha: nafunga macho na kuitetemesha sauti ili wasijue. Hivi karibuni mhubiri mgeni alisoma Mathayo 15:8, 'Watu hawa huniheshimu kwa midomo. Ila mioyo yao iko mbali nami,' akasema kwamba ibada isiyo na mguso ni chukizo mbele za Mungu, na ni heri mtu akae nyumbani. Niliona ananisema mimi. Nimefunga na kuomba mara tatu, hakuna kilichobadilika. Usingizi nao umenipotea. Naamka saa tisa usiku na kukesha na mawazo. Nyumbani hakuna tatizo kubwa, isipokuwa mimi na mdogo wangu hatusemeshani tangu mwaka jana kwa sababu ya zamu za kumtunza mama yetu, ambaye ni mgonjwa na anaishi kwa huyo mdogo wangu. Nilimweleza kwamba mwisho wa juma nina huduma ya Bwana, hakunielewa. Je, niache kuongoza sifa? Je, niache hata kwenda kanisani mpaka moyo wangu urudi? Na Jumapili hii nimepangwa kuongoza, nifanyeje?"

Dada yangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja kabla ya kuandika, na nadhani chini ya maswali yako matatu kuna moja kubwa kuliko yote: unataka kujua kama Mungu anakukataa unaposimama mbele zake na moyo usiohisi kitu, na kama nyimbo zote ulizoimba tangu mwaka jana zilikuwa uongo. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu lina masahihisho kadhaa, kwa sababu katika maelezo yako kuna mambo manne yaliyosokotana kama nyuzi za kamba moja, na mhubiri yule aliyakaza yote kwa fundo moja. Lipo uliloliona kubwa ambalo halipaswi kukuondolea amani, na lipo ulilolitaja kwa haraka ambalo mimi naona ndilo zito kuliko yote. Andiko la Mathayo nitalirudia baadaye, kwa maana lilisomwa bila mistari iliyo mbele yake.

Nianze na neno moyo. Tukisikia habari ya ibada ya moyo, wengi wetu huwaza mara moja joto la kifuani, machozi na mwili kusisimka. Waandishi wa Biblia walilitumia neno hilo kwa upana zaidi. Neno la Kiebrania lev, ambalo Biblia zetu hulitafsiri moyo, lilitaja mahali ambapo mtu hufikiri, hukumbuka, hupima na kuamua. Sulemani alipoomba apewe moyo, katika 1 Wafalme 3:9, alikuwa akiomba uwezo wa kuwaamua watu na kupambanua mema na mabaya, yaani kile ambacho leo tungekiita akili na busara. Hisia kali Waebrania walizoea kuziweka chini zaidi, kwenye matumbo na figo. Lugha yetu bado inaikumbuka maana hiyo pana: tukisema fulani anafanya kazi yake kwa moyo, hatuna maana kwamba hububujikwa machozi anapoifanya, bali kwamba hatoi nusu ya nafsi yake na kuificha nusu nyingine. Kinyume chake ni yule afanyaye kwa shingo upande. Kwa hiyo amri ya kumpenda Bwana kwa moyo wote, iliyomo katika Kumbukumbu la Torati 6:5, inadai uaminifu wote wa mtu kwanza, na msisimko huja nyuma yake, ukija.

Neno ibada nalo lina mafunzo yake. Limetufikia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi unaohusu utumwa na utumishi. Kiebrania kina neno avoda, ambalo hutumika kwa kazi ya mikono na pia kwa ibada ya hekaluni. Injili ya Yohana, inapoeleza mazungumzo ya Yesu na mwanamke Msamaria kisimani, hutumia kitenzi cha Kigiriki proskuneo, ambacho maana yake ni kusujudu. Na Paulo, anapotusihi katika Warumi 12:1 tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, hutumia neno latreia, yaani huduma. Maneno haya yote yanataja mwili unaoinama na mikono inayotumika. Hakuna hata moja ambalo mzizi wake ni hisia. Sisemi hivyo ili nizidharau hisia. Daudi alicheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, na mwanamke aliyeilowesha miguu ya Yesu kwa machozi yake alitetewa na Yesu mwenyewe mbele ya watu waliomdharau. Wewe mwenyewe ulipewa zawadi hiyo kwa miaka mingi, nami nisingependa uitilie shaka leo kwa kuwa imenyamaza. Ninalokataa ni kuifanya mizani ya kupimia kila ibada.

Kwa nini basi machozi yalikuja bila kuitwa, na kwa nini yameondoka? Sehemu kubwa ya jibu imo katika namna tulivyoumbwa. Jambo geni huamsha hisia, na jambo lililozoeleka huacha kuziamsha, hata likiwa zuri kama lilivyokuwa mwanzo. Mtu aliyehamia karibu na maporomoko ya maji husikia mngurumo usiku kucha katika wiki ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa hausikii tena, ingawa maji hayajapungua hata tone. Wewe wimbo mmoja umeurudia mazoezini, umeuimba ibadani, umeufundisha kwa wengine, ukauimba tena. Kisha kuna kazi yenyewe ya kuongoza, ambayo walioketi kwenye viti hawaioni: unasikiliza kama mpiga kinanda ameanza kwa sauti mliyokubaliana, unaitazama ishara ya mchungaji, unaukumbuka ubeti unaofuata, unapima kama mrudie kiitikio au mshushe sauti ili maombi yaanze. Akili inayobeba mizigo hiyo yote haiwezi kuzama kama akili ya mshirika ambaye hana wajibu wowote isipokuwa kuimba. Makuhani wa hekaluni walikuwa na visu, kuni, damu na moto wa kuangalia. Nashuku kwamba siku nyingi walikuwa wakiwaza kama kuni zitatosha hadi jioni, na sioni mahali ambapo Torati iliwalaumu kwa hilo. Nguo zako za kwenye kamba haziniogopeshi.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo nadhani imekuumiza zaidi, nayo ni kujichunguza. Tangu uanze kuogopa, kila wimbo unapoanza sehemu ya akili yako hurudi nyuma na kutazama kama mguso umekuja. Hisia ya namna hiyo haiji ikiviziwa. Ni kama usingizi: anayelala huku akijiuliza kila dakika kama ameshalala, atakesha, na wewe unayeamka saa tisa usiku unalijua hilo kuliko mimi. Hofu huzaa kujipima, kujipima huzaa ukavu, na ukavu huongeza hofu. Kisha akaja mhubiri akamwaga mafuta juu ya moto huo. Ndiyo maana kufunga kwako mara tatu hakukusaidia. Kufunga ni jambo jema, ila wewe ulifunga ili uhisi, na kila siku ya mfungo ilikuwa siku nyingine ya kutazama kama umehisi.

Hofu yako ina ndugu zake wa zamani. Augustino, askofu wa Hippo aliyeishi kati ya 354 na 430, alilia sana kwa nyimbo za kanisa katika siku za mwanzo za imani yake, lakini baadaye akapata hofu iliyo kinyume cha yako: alikiri kwamba kila alipoguswa na sauti ya mwimbaji kuliko na yale yanayoimbwa, alijiona ametenda dhambi. Jonathan Edwards, aliyehubiri Marekani katika uamsho wa karne ya 18 na kuona kwa macho yake watu wakilia na kuanguka, aliandika mwaka 1746 kwamba ukali wa hisia hauthibitishi kuwa zimetoka kwa Mungu, wala hauthibitishi kuwa hazikutoka kwake. Na huyo hakuwa mtu baridi, maana alishikilia kwamba dini ya kweli haiwezi kuwepo pasipo mapenzi ya ndani. Alitaka tu watu watazame matunda ya maisha kwa muda mrefu badala ya kuhesabu machozi ya usiku mmoja. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu miaka 50 hakuhisi uwepo wa Mungu, huku akiendelea kusali kila siku na kuwahudumia waliokuwa wakifa. Huna haja ya kukubaliana na mafundisho yote ya watu hawa. Huyo wa mwisho nimemtaja hasa kwa sababu, kwa mizani ya mhubiri wenu mgeni, alipaswa kukaa nyumbani nusu karne.

Na Biblia yenyewe haikuficha ukavu. Zaburi ya 13 huanza kwa kumwuliza Bwana hata lini atamsahau mwombaji. Zaburi ya 88 huishia gizani, bila mstari hata mmoja wa faraja mwishoni, na bado imo ndani ya kitabu cha sifa cha Israeli, iimbwe na watu wote, hata na wale ambao siku hiyo walikuwa na furaha. Katika Zaburi ya 42 mtunzi anaigeukia nafsi yake na kuiuliza, "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Hata Zaburi ya 103, ambayo sisi huiimba kwa shangwe, huanza kwa kuiamuru nafsi: "Ee nafsi yangu, umhimidi BWANA." Mtu haiamuru nafsi yake ifanye jambo ambalo tayari inalifanya. Aliyeandika maneno hayo alikuwa akiiinua nafsi iliyoketi, kama unavyomshika mkono mtoto aliyechoka njiani, na hakungoja isimame yenyewe ndipo aanze kuimba.

Hapo sasa nikufikishe mahali ambapo sitakuunga mkono. Kuimba bila kuhisi si unafiki. Kufunga macho na kuitetemesha sauti ili watu wadhani unahisi, huo ndio mlango wake. Neno lililotafsiriwa mnafiki katika Injili, hupokrites, lilikuwa jina la mwigizaji wa jukwaani, na katika Mathayo 6:16 Yesu anawakemea wanaojiumbua nyuso zao "ili waonekane na watu." Najua hukufanya hivyo kwa kutafuta sifa, uliogopa kuwavunja moyo wale waliokuzoea. Hata hivyo kuna madhara mawili. Waimbaji wachanga wanaokutazama wanajifunza kwamba machozi ni sehemu ya kazi, nao siku moja watakauka na kuogopa kama wewe. Na wewe umejifungia msaada, kwa maana hakuna anayeweza kumshika mkono mtu ambaye kwa macho yake yuko kileleni. Ungama jambo hilo kwa Mungu kwa maneno mepesi, uliache, usiligeuze kuwa jiwe jingine la kujipigia.

Mara nyingi husemwa kwamba Mungu anataka tumwabudu katika roho na kweli, na maneno hayo ya Yohana 4:24 hufafanuliwa kana kwamba roho ni mguso na kweli ni mafundisho sahihi. Rudi nyuma mistari sita uone jinsi mazungumzo yalivyoanza. Mwanamke amesema hana mume, Yesu amemjibu kwamba amekuwa na waume watano, na aliye naye sasa siye mume wake, kisha akaongeza, "hapo umesema kweli." Ni baada ya hapo ndipo habari ya kuabudu inapoanza. Wafafanuzi wengi huona kwamba kweli katika Injili hii ni Kristo mwenyewe, nami sina neno la kuwapinga. Lakini naona pia kwamba mwanamke yule alianza kufundishwa ibada mara tu maisha yake yalipotajwa jinsi yalivyo, na Yesu hakuondoka kisimani alipoyataja. Ukisimama mbele za Mungu na kusema, "Leo sihisi kitu, nimechoka, nisaidie," umeleta kweli. Baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake aliponywa siku hiyo hiyo.

Pengine umeambiwa pia kwamba sala iliyoandikwa, au maneno yaleyale kila siku, hayawezi kutoka moyoni. Usisumbuke na hilo. Zaburi zote zimeandikwa, na Mathayo 26:44 husema kwamba Yesu katika Gethsemane aliomba mara ya tatu kwa maneno yaleyale. Katika majira ya ukavu maneno ya wengine ni fimbo ya kutembelea, na mimi mwenyewe nimeitegemea fimbo hiyo kwa miezi mingi.

Umeuliza kama uache kwenda kanisani. Usiache. Ignatius wa Loyola, aliyefariki mwaka 1556 na ambaye mambo haya ya ukavu aliyapima kwa makini kuliko wengi, alifundisha kwamba katika kipindi cha giza mtu asibadili uamuzi alioufanya katika kipindi cha utulivu, kwa sababu giza ni mshauri mbaya. Zaidi ya hayo, kanisani wengine huimba kwa niaba yako siku ambayo koo lako limefunga. Kuna watakaokushauri uhamie mahali penye moto zaidi. Inawezekana ukahisi tena kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya ugeni niliokueleza, kisha ukarudi ulipo ukiwa umepoteza watu wanaokujua.

Kuhusu kuongoza sifa, jibu langu si jepesi hivyo. Ukavu peke yake hautoshi kukuondoa madhabahuni. Ungetosha, huduma nyingi zingefungwa. Lakini uchovu unaweza kutosha. Miaka tisa bila kupumzika ni mingi, na pumziko la miezi mitatu lililopangwa pamoja na mchungaji wako, lenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, ukikaa kwenye viti kama mshirika wa kawaida na kuimbiwa na wengine, linaweza kukufaa sana. Lina hatari yake pia: anayepumzika bila kumweleza mtu sababu hupotea polepole, na miezi mitatu hugeuka miaka mitatu. Uamuzi huo usiufanye peke yako saa tisa usiku. Mweleze mchungaji wako yote, pamoja na ile sauti ya kutetemesha. Mimi siwezi kukuona uso wala kukusikiliza ukinyamaza, naye anaweza.

Usingizi nao ni habari ya pekee, na nakuomba usiupitishe kwenye mlango wa kiroho kwa lazima. Jiulize: je, ni nyimbo tu ambazo hazikugusi, au hata chakula ulichokipenda hakina ladha, vicheko vya watu wako havikufikii, na habari njema ya rafiki unaisikia kana kwamba inatoka mbali? Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kuamka mapema mno, kukosa hamu ya kula, uchovu usioisha na kujilaumu kusikokoma, inawezekana kabisa kwamba una sonona, ambayo ni ugonjwa na unatibika. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni huweza kuleta hali inayofanana nayo. Hata baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya zile za kutibu sonona yenyewe, hupoozesha hisia kwa watu wengine. Kama unatumia dawa yoyote mweleze daktari, wala usiiache bila ushauri wake. Nenda hospitali ukapimwe, na mpaka upate majibu usifunge tena. Elia alipolala chini ya mretemu akitaka kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria, alimgusa, akamwambia ainuke ale, akamwacha alale, akamlisha tena, akisema, "safari hii ni kubwa mno kwako." Na ikiwa wewe nawe umewahi kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, au umewaza kujidhuru, usisubiri miadi wala Jumapili: mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, na aende nawe hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi uliyoipita mbio, na kwenye mistari ambayo mhubiri hakuisoma. Katika Mathayo 15 Mafarisayo na waandishi wamemlaumu Yesu kwa sababu wanafunzi wake hula bila kunawa mikono kama wazee walivyoagiza. Yesu anawajibu kwa swali kuhusu amri ya Mungu ya kumheshimu baba na mama. Walikuwa na desturi ambayo kwayo mtu angeweza kumwambia mzazi wake kwamba kile ambacho kingemsaidia kimekuwa wakfu kwa Mungu, Korbani kama Marko 7:11 inavyoiita, na kwa neno hilo la kidini akawa huru asimtunze. Ni hapo, baada ya habari hiyo ya wazazi, ndipo anapowasomea maneno ya Isaya: midomo inamheshimu Mungu, moyo uko mbali. Umbali wa moyo anaoutaja Yesu hauhusiani na macho makavu. Unahusu mama aliyeachwa bila msaada kwa jina la ibada.

Ninaandika haya kwa uangalifu, kwa sababu sijausikia upande wa mdogo wako, na sijui ni mambo gani mengine mliyoambiana siku ile. Inawezekana zamu alizokupangia hazikuwa za haki. Inawezekana pia kwamba umekuwa ukimsaidia mama kwa njia nyingine ambazo hukuzitaja. Sikusemi kwamba wewe ni Mfarisayo. Ninachoona ni kwamba ukavu ulianza mwaka jana, na ugomvi ulianza mwaka jana; kwamba neno ulilompa mdogo wako, kuwa mwisho wa juma una huduma ya Bwana, linafanana na neno lile la Korbani kuliko ambavyo mimi na wewe tungependa; na kwamba katika ujumbe wenye maelezo mengi kuhusu machozi yako, mama mgonjwa amepata sentensi moja. Moyo ambao kwa miezi mingi umelinda mlango mmoja usifunguliwe huchoka kufungua na mingine. Sidai kwamba ndiyo sababu yote, wala sikuahidi kwamba mkipatana machozi yatarudi Jumapili inayofuata. Lakini Yesu alisema katika Mathayo 5:23-24 kwamba ukiwa umeshafika na sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache hapo hapo, "upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Tazama kwamba anayetakiwa kuondoka ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, hata kama yeye mwenyewe anaona hana kosa. Tazama pia kwamba anaambiwa arudi.

Mpigie mdogo wako, au bora zaidi nenda kwake. Usianze kwa kueleza kwa nini ulikuwa na haki. Muulize mama anaendeleaje, keti naye, kisha mwulize yeye ni siku zipi zinamwelemea, kwa maana anayemtunza mgonjwa ndani ya nyumba yake naye hukesha. Akikataa kukusikiliza, mtafute mtu mzima wa familia ambaye nyote mnamheshimu, au mchungaji, aketi nanyi. Na akikataa hata hapo, kumbuka kwamba Paulo aliandika, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote," akijua kwamba upande wa pili hauko mikononi mwetu. Mama yako anaweza kuhudumiwa hata kabla ninyi wawili hamjaelewana.

Imebaki Jumapili. Kama baada ya kuzungumza na mchungaji wako mtakubaliana uongoze, ongoza. Chagua nyimbo ambazo maneno yake unaweza kuyasema mchana kweupe bila kuona haya, na kati ya hizo pasiwe na wimbo wowote unaokudai useme kwamba unahisi usichohisi. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti kabla ya wimbo wa kwanza. Wapo washirika wengi wanaoihitaji kuliko unavyodhani. Acha macho wazi, imba kwa sauti yako ya kawaida, na akili ikikimbia kwenye nguo zilizoanikwa irudishe kwenye mstari unaofuata bila kujikaripia. Machozi yakija yaache yaje, yasipokuja usiyahesabu. Lakini kwenda kwa mdogo wako kuwe kabla ya Jumapili, na kama atakuambia kwamba zamu inayomshinda ni ya asubuhi hiyo hiyo, mpigie mchungaji mapema ili ampange mwingine wa kuongoza.